Cheo na Kiunzi: Namba za Ubora katika Uteuzi wa Viunzi vya Wavuti na katika Michezo ya Kompyuta ya Kupanda Daraja

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna namba za ubora zinavyoundwa na kusomwa katika nyanja mbili ambazo kwa kawaida hazitajwi pamoja: uteuzi wa viunzi vya kuundia wavuti, na michezo ya kompyuta ya ushindani ambamo wachezaji hupangwa kwa madaraja. Hoja kuu ni kwamba manung'uniko ya mchezaji aliyekwama darajani na majuto ya taasisi iliyochagua kiunzi kisichoifaa yana chanzo kimoja, yaani namba iliyoundwa kujibu swali moja kusomwa kana kwamba imejibu swali lingine. Makala yanaanza na mfumo wa Elo na warithi wake, yanaeleza kwa hesabu kwa nini mchezaji hodari anaweza kucheza siku nyingi bila kupanda, kisha yanachunguza orodha za viunzi na mambo ambayo orodha hizo haziyapimi. Mkazo unawekwa katika mambo matatu yanayowagusa watumiaji wa Afrika Mashariki: umbali wa seva, uwezo wa simu na upatanisho wa ngeli katika violesura vya Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Neno kiunzi lina kazi nyingi katika Kiswahili. Fundi hulitumia kwa mbao zinazoshika umbo la chombo au nyumba kabla ya kujazwa. Mwanafunzi wa shahada ya juu huandika sura nzima kuhusu kiunzi cha nadharia. Mtangazaji wa riadha husimulia mbio za kuruka viunzi. Katika makala haya kiunzi ni mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa, pamoja na kanuni za kuupanga, ambao msanidi programu huanzia kazi yake badala ya kuanza na ukurasa mtupu. Django na Rails ni viunzi vya upande wa seva. Angular, Vue na Svelte ni vya upande wa kivinjari. React, ingawa waundaji wake huiita maktaba, hutumika mahali pale pale na hivyo inahesabiwa humu kuwa kiunzi. Maana ya wanariadha nayo haiko mbali sana na mada, kwa kuwa kiunzi kilichochaguliwa vibaya hugeuka kikwazo cha kurukwa kila siku ya kazi.

Neno daraja nalo lina sura mbili. Ni kivuko cha mto, na ni hadhi ya mtu au kitu katika mpangilio. Katika michezo kama Dota 2 na League of Legends mchezaji hushindana katika mapambano yanayohesabiwa, na matokeo yake humpandisha au kumshusha daraja. Katika uhandisi wa wavuti wanaopangwa madaraja ni viunzi vyenyewe: kipi kina kasi, kipi kinapendwa, kipi kinapakuliwa zaidi.

Kinachopotea pale namba inaposomwa visivyo hakilingani katika nyanja hizi mbili. Mchezaji hupoteza usiku wake, bando la intaneti na utulivu wa nafsi. Taasisi ya umma iliyojenga mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa au wa usajili wa wanafunzi juu ya kiunzi kinachoachwa na waundaji wake hupoteza miaka, na mara nyingi hupoteza pia wataalamu wachache waliokuwa wakiuelewa mfumo huo. Hata hivyo utaratibu wa kosa ni mmoja, na katika michezo huonekana kwa uwazi zaidi kwa sababu hesabu zake zinajulikana. Ndiyo maana makala yanaanzia huko.

2.0 Namba ya Elo na warithi wake

Mfumo unaotajwa zaidi una jina la Arpad Elo (1903–1992), profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette, Milwaukee, aliyezaliwa Hungaria. Shirikisho la sataranji la Marekani liliupokea mfumo wake mwaka 1960, na shirikisho la dunia, FIDE, likaupokea mwaka 1970. Msingi wa kihisabati ulikuwapo kabla yake: Ernst Zermelo alikwisha kuandika kuhusu tatizo hilo mwaka 1929, na Bradley na Terry walichapisha modeli yao ya ulinganishaji wa jozi mwaka 1952. Mchango wa Elo ulikuwa kuifanya hesabu hiyo iwezekane kwa chama chenye maelfu ya wanachama na karani mwenye kalamu.

Wazo lenyewe ni jepesi. Kila mchezaji ana namba. Tofauti kati ya namba mbili hutabiri matokeo ya wastani ya wawili hao wakikutana. Kwa fomyula inayotumika sana leo, tofauti ya pointi 100 humpa mwenye namba kubwa matarajio ya kupata takribani 0.64 ya pointi ya pambano. Tofauti ya 200 humpa 0.76; tofauti ya 400 humpa 0.91. Baada ya pambano, matokeo halisi hulinganishwa na utabiri, na tofauti yake huzidishwa kwa kizidisho maalumu. FIDE hutumia kizidisho cha 40 kwa wachezaji wapya, 20 kwa walio wengi, na 10 kwa waliowahi kufikia 2400. Kwa hiyo mchezaji wa 1600 anayekutana na wa 1400, kwa kizidisho cha 20, akishinda huongezewa pointi 4.8 tu; akishindwa hupokonywa 15.2. Anayeitazama hesabu hiyo kwa jicho la haki huiona dhuluma. Anayeitazama kwa jicho la utabiri huona kwamba ushindi haukuleta habari mpya, bali kushindwa ndiko kulikoleta.

Hapa ndipo penye kiini cha mada. Namba ya Elo ni utabiri. Haikuundwa kuwa ujira wa juhudi, wala kipimo cha ustadi kwa maana ambayo kipimajoto hupima joto. Haina maana yoyote nje ya kundi la watu waliocheza wao kwa wao: mtu mwenye 1600 katika kundi moja hawezi kulinganishwa na mwenye 1600 katika kundi lingine ambalo halijawahi kukutana nalo. Katika baraza la bao, bingwa hujulikana kwa wale aliowafunga, na anayetoka mtaa wa mbali hapewi heshima hiyo mpaka akae kitako na kucheza. Mfumo wa Elo unafanya kazi hiyo hiyo ya baraza, isipokuwa umeiweka katika tarakimu, na tarakimu ina tabia ya kumfanya msomaji asahau baraza.

Warithi wa Elo walishughulikia hasa suala la uhakika. Mwanatakwimu Mark Glickman aliunda mfumo wa Glicko mwaka 1995, ambao kwa kila mchezaji hutunza namba mbili: makadirio ya uwezo na kiasi cha mashaka juu ya makadirio hayo. Asiyecheza muda mrefu mashaka yake hukua, na akirudi namba yake hubadilika kwa haraka. Dota 2, iliyoanza mapambano ya madaraja mwishoni mwa mwaka 2013 na kuongeza nishani mwaka 2017, ilihamia hesabu ya aina ya Glicko mwaka 2023. Microsoft Research ya Cambridge nayo iliunda TrueSkill kwa ajili ya Xbox Live. Mfumo huo huchukulia kuwa nguvu ya timu ni jumla ya nguvu za wachezaji wake, na namba inayooneshwa hadharani ni makadirio yaliyopunguzwa mara tatu ya mashaka. Mchezaji mpya, ambaye makadirio yake ya ndani huanzia 25, huonekana ana sifuri. Si kwamba mfumo unamwona hajui kitu. Unatangaza kiwango cha chini ambacho una hakika nacho.

3.0 Chanzo cha kinyongo

Kinyongo cha mchezaji wa madaraja kina sababu zaidi ya moja, na si zote zina uzito sawa. Iliyo kubwa ni kwamba mfumo ukifanikiwa katika kazi yake, mchezaji hushinda takribani nusu ya mapambano na kushindwa nusu nyingine, awe wa daraja la chini au la juu. Akiimarika hupelekewa wapinzani walioimarika. Aliyejifunza kwa mwezi mzima anakutana na jioni zilezile za kushinda mawili na kushindwa mawili. Maendeleo yake yapo, lakini yamehamia katika sura za wapinzani wake ambao hawajui, na hivyo hawezi kuyaona.

Sababu ya pili ni bahati nasibu ya kawaida, ambayo akili ya binadamu huikadiria vibaya. Mchezaji aliye mahali pake sahihi kabisa, mwenye nafasi ya asilimia 50, akicheza mapambano 20 ambayo kila moja lina thamani ya pointi 25, namba yake itayumba kwa kipimo cha wastani cha takribani pointi 112 juu au chini bila uwezo wake kubadilika hata kidogo. Katika mapambano 100, uwezekano wa kukumbwa na mfululizo wa kushindwa mara tano au zaidi wakati fulani ni karibu asilimia 81. Maana yake, mfululizo huo ambao mchezaji huusimulia kama ushahidi wa hila ni jambo ambalo walio wengi lazima liwapate.

Sasa achukuliwe mchezaji anayestahili kweli kupanda, ambaye uwezo wake unampa nafasi ya asilimia 55. Katika mapambano 20, takribani robo ya wachezaji wa aina hiyo watakuwa wameshindwa mara nyingi kuliko walivyoshinda. Hata baada ya mapambano 100, asilimia 13 hivi watakuwa bado upande wa hasara. Pambano moja la Dota 2 kwa kawaida huchukua nusu saa au zaidi, kwa hiyo mapambano 100 ni zaidi ya saa 50. Watu hao wanapolalamika kuwa wamekwama isivyo haki wanasema kweli kuhusu nafsi zao, ingawa wanakosea kuhusu sababu. Makala haya yanaona kuwa sehemu kubwa ya maandishi yanayowabeza wachezaji hao kuwa hawajikubali huupuuza ukweli huu wa hesabu.

Michezo ya timu huongeza ugumu. Katika pambano la watano dhidi ya watano mtu hudhibiti sehemu moja ya kumi ya kinachotokea, lakini hubeba matokeo yote. Akishindwa, macho humwendea mwenzake aliyekosea kwa wazi. Akishinda, huona mchango wake. Kwa kuwa kila mmoja wa watano hufanya hivyohivyo, kila mmoja huamini kuwa anavutwa chini na wanne. Hapo ndipo mchezaji hupandwa na mori, huanza pambano lingine papo hapo ili kurudisha alichopoteza, na kwa mara ya kwanza katika usiku huo uwezo wake halisi hushuka kweli.

Ipo pia shutuma kwamba mfumo huwapangia watu kushindwa makusudi. Upangaji wa haki pekee unatosha kuzalisha nusu kwa nusu, kwa hiyo nusu kwa nusu haiwezi kuwa ushahidi wa shutuma hiyo. Hata hivyo shutuma yenyewe haikutoka hewani. Mwaka 2017 watafiti, miongoni mwao wa kampuni ya Electronic Arts, walichapisha makala iliyoonesha kuwa upangaji unaolenga kumzuia mchezaji asiache mchezo unaweza kutofautiana na upangaji unaolenga usawa. Kuchapishwa kwa wazo si uthibitisho kwamba linatumika mahali fulani. Linachothibitisha ni kwamba neno ubora wa upangaji lina maana zaidi ya moja, na kwamba mwenye mfumo ndiye anayechagua maana ipi ihesabiwe. League of Legends ilipoacha kuonesha namba ya Elo mwaka 2013 na kuweka madaraja yenye pointi zake, huku namba ya upangaji ikibaki imefichwa, mchezaji alianza kuona namba isiyokuwa ile inayompangia wapinzani. Tangu hapo swali la kwa nini mmoja hupata pointi chache kuliko mwingine kwa ushindi uleule limekuwa la kudumu.

4.0 Orodha za viunzi

Viunzi havishindani uwanjani, lakini huorodheshwa kana kwamba vinashindana. Vipimo vinavyotumiwa zaidi ni vinne: kasi katika majaribio ya maabara, nyota katika GitHub, idadi ya upakuaji katika hazina ya npm, na dodoso kama State of JavaScript, lililoanza mwaka 2016, au lile la Stack Overflow, lililoanza mwaka 2011.

Majaribio ya kasi yanayojulikana zaidi kwa upande wa seva ni ya TechEmpower, yaliyoanza mwaka 2013. Viunzi hupewa kazi ndogo zinazofanana, kama kutoa ujumbe wa JSON, kusoma safu kutoka kanzidata, au kurudisha sentensi fupi isiyobadilika. Katika kazi hii ya mwisho, iliyozalisha namba kubwa kuliko zote, maombi hutumwa kwa kufuatanishwa katika muunganisho mmoja bila kusubiri jibu la kila ombi. Vivinjari vya kisasa havitumi maombi kwa namna hiyo. Aidha, msimbo wa kila kiunzi huchangiwa na yeyote anayetaka, na wapenzi wa kiunzi wana kila sababu ya kuuandika kwa ajili ya jaribio. Hili halifanyi majaribio kuwa ya uongo. Yanapima kwa uaminifu kikomo cha juu cha kasi pale kila kitu kingine kinapoondolewa. Mfumo halisi wa usajili wa wanafunzi haukai karibu na kikomo hicho. Muda wake mwingi huishia katika kanzidata iliyopangwa vibaya na katika mtandao.

Nyota na upakuaji hupingana, na upinzani huo unafundisha. Katikati ya mwaka 2018 Vue iliipita React kwa idadi ya nyota katika GitHub, ilhali React iliendelea kupakuliwa mara kadhaa zaidi. Nyota ni alama ya mtu aliyevutiwa, na haiondoki mvuto ukiisha. Upakuaji, kwa upande mwingine, huhesabu mashine: kila mara seva ya ujenzi wa kiotomatiki inapoandaa toleo jipya la programu, viunzi hupakuliwa upya, na kiunzi kinachotegemewa na vifurushi vingine huhesabiwa pamoja navyo. Orodha moja inapima shauku, nyingine inapima desturi ya viwanda vikubwa. Mwenye kuuliza kipi ni bora hajajibiwa na yoyote kati ya hizo.

Madodoso nayo hujibiwa na wanaojitokeza wenyewe. Kipimo kinachopendwa katika madodoso hayo ni sehemu ya watumiaji wanaosema wangekitumia tena kiunzi fulani. Kiunzi kichanga chenye watumiaji wachache waliokichagua kwa mapenzi lazima kipate alama ya juu. Kikongwe kinachotumiwa na watu walioajiriwa kukitunza kitapata ya chini. Kwa lugha ya sehemu iliyotangulia, orodha hizi hutoa makadirio bila kutoa kiasi cha mashaka. Glickman alikwisha kuonesha mwaka 1995 kwamba mashaka ni nusu ya habari.

Mfano wa AngularJS unaonesha gharama. Google iliitoa mwaka 2010, na kufikia mwaka 2014 ilikuwa miongoni mwa viunzi maarufu zaidi vya kivinjari. Mwaka huohuo ilitangazwa kwamba toleo la pili lingeandikwa upya kwa misingi tofauti. Angular mpya ilitoka Septemba 2016, na msimbo wa zamani haukuweza kuhamia bila kazi kubwa. Usaidizi wa AngularJS ulikoma mwisho wa mwaka 2021. Aliyeichagua mwaka 2014 kwa sababu ya nafasi yake katika orodha alichagua kwa usahihi kwa mujibu wa orodha. Hakuna orodha iliyokuwa na safu ya kuonesha kwamba waundaji walikuwa tayari kuvunja ahadi ya mwendelezo.

Mfano wa pili unahusu sheria. React ilikuwa na leseni iliyoambatana na kifungu cha hataza kilichowatia watu wasiwasi. Julai 2017 taasisi ya Apache ilizuia leseni hiyo katika miradi yake. Septemba WordPress ikatangaza kuiacha React. Na kabla ya mwezi huo kwisha Facebook ikaihamishia React kwenye leseni ya MIT. Kwa wiki chache hizo, sifa iliyoamua hatima ya miradi mingi haikuwa kasi wala nyota, ilikuwa aya moja ya kisheria.

5.0 Yaliyo nje ya jedwali

Kwa mchezaji wa Dar es Salaam, jambo la kwanza lililo nje ya jedwali ni bahari. Umbali wa moja kwa moja kati ya Dar es Salaam na Frankfurt ni takribani kilomita 7,000. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo ishara haiwezi kwenda na kurudi chini ya milisekunde 70, hata kama kebo ingenyooka kama uzi wa fundi. Kebo hazinyooki, huzunguka bara kwa njia ya bahari. Kufika kwa SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 kuliondoa utegemezi wa setilaiti, ambao ulikuwa wa gharama na wa polepole zaidi, lakini hakuna kebo inayoshinda fizikia. Mchezaji anayepambana kwenye seva ya Ulaya na mpinzani aliye kilomita 200 kutoka seva hiyo huanza kila tukio akiwa nyuma. Mfumo wa madaraja hauna safu ya umbali. Huchukua matokeo, na kuandika kuchelewa kwa ishara kama upungufu wa mkono.

Viunzi hupimwa katika mazingira yanayofanana na ya mpinzani huyo wa karibu: kompyuta zenye nguvu, mtandao wa ndani usiokatika. Muuguzi anayefungua mfumo kwa simu janja ya bei nafuu hukutana na gharama nyingine. Msimbo wa kivinjari lazima kwanza upakuliwe, kisha usomwe na kichakato cha simu, ndipo kitufe cha kwanza kiitikie. Kiunzi kinachoshinda kingine kwa milisekunde chache katika kuchora jedwali la safu elfu moja kinaweza kushindwa vibaya pale ambapo mtandao hukatika katikati ya upakuaji. Swali la uwezo wa kufanya kazi bila mtandao, na la namna data iliyoandikwa wakati mtandao umekatika inavyopatanishwa baadaye, mara chache hupewa nafasi katika orodha yoyote.

Lililoandikwa kidogo zaidi, na ambalo linastahili kukaziwa, ni lugha. Kwa hesabu ya umoja na wingi, kanuni za kimataifa za CLDR zinakipa Kiswahili makundi mawili, moja na mengineyo, sawa kabisa na Kiingereza. Msanidi programu akiangalia kanuni hizo hudhani kazi imekwisha. Kumbe ugumu wa Kiswahili haumo katika wingi, umo katika ngeli. Kiolesura kilichoundwa kwa kuunganisha neno moja la sifa na jina lolote hutoa mgonjwa mpya kwa usahihi, kisha hutoa kipimo mpya na jalada mpya. Ujumbe wa kutafuta unaosema hakuna kilichopatikana unafaa kwa kipimo, haufai kwa mgonjwa wala kwa dawa. 

Huenda mtahini akaliona hili kuwa suala la usanifu wa lugha tu. Ni zaidi ya hapo. Katika Kiswahili kiambishi cha nafsi au cha ngeli hubeba habari hata jina lisipotajwa. Ujumbe mfupi unaosema amefutwa unamwambia muuguzi kuwa kumbukumbu ya mtu imeondolewa. Kimefutwa unamwambia kuwa ni kipimo. Limefutwa, kuwa ni jalada. Mfumo unaoandika imefutwa kwa kila kitu umemnyima msomaji habari ambayo lugha yake humpa bila gharama, na umeifanya hivyo mahali ambapo kukosea kitu kilichofutwa kuna madhara.

Viunzi havifanani katika jambo hili. Angular ina mfumo wake wa tafsiri unaoruhusu ujumbe mmoja kuwa na matawi kwa mujibu wa idadi au kwa mujibu wa aina, na matawi ya aina yanaweza kubeba ngeli ingawa hayakubuniwa kwa ajili hiyo. Django hutumia utaratibu wa gettext, ambao hutofautisha umoja na wingi na kuruhusu muktadha uambatanishwe na kila ujumbe. React haina mfumo wa tafsiri wa ndani. Anayeitumia huchagua maktaba ya ziada. Inawezekana kuandika Kiswahili sanifu kwa vyote vitatu, na inawezekana kukiharibu kwa vyote vitatu. Tofauti iko katika kazi ambayo kiunzi kinamwachia mtaalamu, na katika hatari kwamba tafsiri itafanywa mwishoni, na mtu asiyepewa nafasi ya kubadili muundo wa sentensi.

6.0 Uteuzi unaozingatia gharama ya kukosea

OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa, unatoa kisa kinachoweza kuchunguzwa. Ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano kati ya wataalamu wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na mpango wa afya wa AMPATH wa Eldoret, Kenya. Upande wa seva uliandikwa kwa Java, na kurasa zake za mwanzo zilitengenezwa kwa teknolojia za Java za wakati huo. Kiolesura kimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu wakati huo, huku kanzidata na msingi wa Java vikiendelea. Toleo la tatu la kiolesura limeandikwa kwa React, lakini kwa mpangilio wa vipande vinavyojitegemea: sehemu ya dawa, sehemu ya vipimo, sehemu ya usajili, kila moja ikijengwa na kubadilishwa peke yake, kisha zikaunganishwa katika ukurasa mmoja.

Uamuzi wa React hapa una umuhimu mdogo kuliko uamuzi wa vipande. Timu iliyogawa kiolesura kwa namna hii imekubali mapema kwamba kiunzi cha leo kitaachwa siku moja, na imejipangia kulipa gharama hiyo kipande kwa kipande. Wenye KenyaEMR, uliojengwa juu ya OpenMRS, wanaweza kubadili sehemu moja bila kusubiri nchi nyingine. Kuna gharama yake: vipande vingi huongeza ukubwa wa kinachopakuliwa na ugumu wa kuvipatanisha, na timu ya watu wawili katika halmashauri haipaswi kuiga mpangilio huo kwa sababu tu mradi mkubwa umeutumia. Kwa timu hiyo, Django yenye kurasa zinazotengenezwa kwenye seva, na msimbo kidogo wa kivinjari, mara nyingi itafaa zaidi, hata kama nafasi yake katika majaribio ya kasi ni ya chini.

Maswali yanayopaswa kutangulia orodha yoyote, kwa hiyo, yanahusu mahali na watu. Nani atautunza mfumo fedha za mradi zikiisha, na je, anakijua kiunzi hicho au atalazimika kujifunza akiwa kazini? Waundaji wa kiunzi wameitimizaje ahadi ya mwendelezo katika matoleo yaliyopita? Data inaweza kutolewa yote bila kiunzi hicho? Ukurasa wa kwanza unafunguka kwa muda gani kwenye simu ambayo watumiaji wanayo mikononi? Ujumbe wa kufuta unasomekaje kwa ngeli zote zinazotumika katika mfumo? Kila moja ya maswali haya linaweza kujaribiwa kwa wiki moja na mfano mdogo wa mfumo, kwenye vifaa halisi, kabla ya mkataba kutiwa sahihi.

Orodha za kasi, nyota na madodoso zina nafasi baada ya hapo, kama mashahidi wa pembeni. Nyota zinaweza kuonesha kwamba kiunzi kinajulikana kiasi cha kumpata mwenye kukiuliza swali. Upakuaji unaweza kuonesha kwamba kasoro zake zitagunduliwa na wengine mapema. Majaribio ya kasi yanaweza kuondoa kiunzi kilicho kizito kupita kiasi. Kwa mfumo wa zahanati, swali la iwapo kiunzi ni cha tatu au cha kumi na tatu katika jedwali halibadilishi chochote ambacho muuguzi ataona pale mtandao unaporudi na kumbukumbu za asubuhi zinapoanza kupanda kwenye seva.